Kutoa na Kuleta: Ufafanuzi wa Makosa ya Uletaji wa Moduli katika Maktaba ya D3

Mtafiti wa leksikoni anayetaka kuchora grafu ya marudio ya maneno anaweza kutumia D3, maktaba ya JavaScript iliyotolewa mwaka 2011. Aghalabu kikwazo cha kwanza si takwimu, bali ni ujumbe kwamba moduli imeshindwa kuletwa. Ujumbe huo huja kwa Kiingereza, na asiyeuelewa hurudi kwenye toleo la zamani au huiacha kazi. Makala haya yanafafanua chanzo cha makosa hayo na namna ya kuyasahihisha.

Chanzo chenyewe ni cha kihistoria. JavaScript ilibuniwa mwaka 1995 bila mfumo wa moduli. Node.js, iliyoanza mwaka 2009, ilifuata mfumo wa CommonJS, unaoita moduli kwa neno `require`. Mwaka 2015, kanuni rasmi za lugha hiyo zilileta mfumo mwingine wenye jozi ya `export` na `import`. Kiswahili kinaieleza jozi hii barabara kwa vitenzi kutoa na kuleta: faili haliwezi kuleta kile ambacho faili jingine halikukitoa. Kuanzia toleo la 7 la mwaka 2021, D3 hupatikana katika Node.js kwa mfumo huu mpya pekee. Mgongano wa mifumo hiyo, pamoja na kanuni za mfumo mpya wenyewe, huzaa makosa manne.

Kosa la kwanza ni `ERR_REQUIRE_ESM`: faili la mfumo wa zamani limeiita D3 kwa `require`. Tiba yake ni kutumia `import`, au kuhamia Node.js 22.12 na matoleo yaliyofuata, ambayo huruhusu wito huo kwa moduli nyingi.

La pili ni `Cannot use import statement outside a module`. Hapa `import` imo katika faili linalosomwa kwa mfumo wa zamani. Katika Node.js, huandikwa `"type": "module"` ndani ya `package.json`, au faili hupewa kiendelezi cha `.mjs`. Katika kivinjari, lebo ya `script` huongezewa `type="module"`.

La tatu hutokea mtumiaji anapoandika `import d3 from "d3"`. D3 haitoi kitu cha chaguo-msingi. Kwa hiyo sharti aandike `import * as d3 from "d3"`.

La nne ni la kivinjari kushindwa kutambua jina tupu la `"d3"`, kwa kuwa hakiijui folda ya `node_modules`. Hapo huhitajika anwani kamili ya faili, au ramani ya uletaji inayolihusisha jina na anwani.

Kwa muhtasari, kurudi kwenye toleo la 6 huondoa ujumbe tu. Mgongano hubaki, na utajitokeza tena katika maktaba nyingine. Kabla ya kubadili chochote, yafaa kuuliza: nani anatoa, nani analeta, na kila mmoja anafuata mfumo upi? Mwanafunzi anayeweza kuuliza hivyo kwa Kiswahili atausoma ujumbe wa kosa kama maelezo, wala si kama hukumu.