Familia Ikipanda Mwamba

Tulipotangaza katika jumuiya yetu kwamba Jumatatu ya Pasaka familia zote zingepanda mwamba ulio nyuma ya kigango, mama mmoja alisimama akauliza, "Huko juu kuna kuni?" Tukamjibu hakuna. "Maji je?" Hakuna. "Sasa tunafuata nini?" Watu walicheka, lakini swali lilikuwa la haki. Mama anayeamka saa 11 alfajiri kufuata maji, kisha akaenda kupalilia alizeti, kisha akatafuta kuni, hana haja ya kufundishwa na gazeti kwamba kutembea ni afya. Ametembea kuliko sisi tunaoandika.

Hata hivyo, tazama hali ya nyumba zetu nyingi siku hizi. Mama anatembea mno, tena na mzigo kichwani. Baba anapanda bodaboda kwenda sokoni, umbali ambao marehemu baba yake angeuita uani. Kijana ameinamia simu, na babu hatoki barazani. Anayetembea anatembea peke yake kwa taabu, na asiyetembea ananenepa na kuugua. Ndiyo maana katika zahanati na vituo vyetu vya afya, foleni ya wagonjwa wa shinikizo la damu na kisukari si ya matajiri wa mjini tu.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima apate walau dakika 150 kwa juma za mwendo wa kuchangamsha mwili, yaani mwendo unaokufanya uheme kidogo lakini bado unaweza kuzungumza. Watoto wa shule na vijana wanahitaji dakika 60 kila siku. Misuli ikifanya kazi huitumia sukari iliyomo katika damu, moyo huzoea kusukuma damu bila kuhangaika, na mishipa hubaki laini. Hatuna haja ya kutafuta mfano Ulaya. Wahadzabe, ambao baadhi yao ni majirani zetu kule Munguli wilayani Mkalama, walichunguzwa na wataalamu, na matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Iligunduliwa kwamba kwa wastani wanachangamsha mwili zaidi ya saa mbili kila siku, na shinikizo la damu kwao ni nadra, hata kwa wazee. Hatusemi sote turudi kuchimba mizizi na kurina asali. Twasema miguu tuliyopewa bado inafanya kazi.

Nasi tuna mahali pa kuitumia. Singida ni nchi ya mawe. Anayetoka Dodoma na anayetoka Nzega, wote hupokewa na miamba iliyobebana kama magunia ghalani, na kuzunguka ziwa Singidani na ziwa Kindai hakuna kijiji kisicho na mwamba wake. Tulichagua Jumatatu ya Pasaka kwa kukumbuka wale wanafunzi wawili waliotembea kwenda Emau, mwendo wa kilomita 11 hivi, wakizungumza njia nzima. Tulikuwa familia 14. Tuliondoka saa 1 asubuhi, tukafika juu baada ya saa moja na robo, maana tulimfuata anayekwenda polepole kuliko wote.

Huyo alikuwa mzee mmoja mstaafu. Alisimama mara tatu, mkono kifuani, akidai anatazama mandhari. Mara ya tatu mke wake hakukubali tena. Walikaa kivulini, wakarudi taratibu, na kesho yake akapelekwa kupimwa. Shinikizo lake lilikuwa juu sana, wala hakuwa amelijua, kwa kuwa kutoka kitandani hadi barazani hakuna mlima wa kumwambia.

La pili lilitokea juu kabisa. Watoto walikuwa wakishindana kuonyeshana vitu vya mbali: msalaba wa kanisa, bati la shule, ng'ombe wa fulani. Binti mmoja wa darasa la sita alinyamaza. Baba yake akamwuliza, "Wewe huoni msalaba?" Akajibu, "Msalaba uko upande gani?" Baba alidhani ni mzaha, akamgeuza uso, akamwonyesha kwa kidole. Binti hakuona kitu. Muhula uliopita baba huyo alikuwa amemwadhibu mara mbili kwa kunakili vibaya maneno ya ubaoni. Wakati wa kushuka tuliwaona wameshikana mikono, hawasemi. Sasa binti anavaa miwani.

Ndiyo sababu tunawaambia wazazi kwamba mlima unapima. Anayehema kupita wenziwe, anayechechemea, anayelalamika maumivu ya kifua, anayejikwaa kwa kutoona, wote huonekana siku hiyo. Tena kuna maneno ambayo mtoto hawezi kuyasema mkiwa mmetazamana mezani, lakini huyasema mkiwa mnatembea, kila mtu akitazama njia yake.

Mwaka uliofuata tulipata somo chungu. Pasaka huangukia bado mvua hazijakwisha, na majani yalikuwa marefu. Mtoto wa miaka tisa alimfuata mjusi, akaingiza mkono chini ya jiwe, akaumwa na kifutu. Hapo kila mtu akawa daktari. Mmoja akavua mkanda ili aufunge mkono kwa nguvu. Mwingine akadai wembe. Wa tatu akamtuma kijana kijijini kuleta jiwe la nyoka. Twaona aibu kusema kwamba mkanda ule sisi wenyewe tuliushika upande mmoja. Aliyetunusuru ni mama mmoja muuguzi. Alimlaza mtoto, akamtuliza, akamvua bangili kabla mkono haujavimba, akaulaza mkono juu ya fimbo iliyonyooka, akaufunga kwa khanga kama anavyofungwa aliyevunjika mfupa, bila kukaza. Mtoto alibebwa hadi barabarani asitembee hata hatua moja, akapakiwa kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Kituo cha kwanza hakikuwa na dawa ya kuzuia sumu ya nyoka. Cha pili kilikuwa nayo. Mtoto yu hai, amepoteza ncha ya kidole kimoja.

Kwa hiyo tafadhali tulishike jambo hili, hata kwa wale wasiopanda mwamba, maana nyoka huuma zaidi shambani kuliko penginepo. Usichanje, usinyonye kwa mdomo, usifunge kamba ya kuzuia damu. Kamba hiyo huweza kuua mkono mzima. Jiwe jeusi la nyoka, ingawa lilipitia hata mikononi mwa wamisionari na wengi wanaliamini, halitoi sumu. Linalotoa ni muda, na muda ndio uhai wa mgonjwa. Usimfukuze nyoka, kumbuka rangi na umbo lake, yatosha. Akiwa ni swila aliyetema machoni, osha macho kwa maji mengi safi bila kukoma, kisha nenda hospitali. Na zaidi ya yote, kabla ya siku ya safari ulizeni ni kituo kipi kilicho na dawa hiyo, na nani ana chombo cha usafiri. Sisi hatukuuliza.

Hatari nyingine ya miamba yetu ni nyuki. Singida inasifiwa kwa asali, na nyuki hawasomi ramani kujua mzinga uko wapi. Nyufa za mawe nazo ni nyumba zao. Watoto wasirushe mawe nyufani, wala tusiwashe moto chini ya mwamba. Wakikurupuka, funika uso na ukimbie mbali, usisimame kuwapiga. Miiba ikwanguliwe upesi kwa ukucha au kisu butu. Aliyechomwa mara nyingi, au anayevimba midomo na kukosa pumzi hata kwa mwiba mmoja, ni mgonjwa wa hospitali saa hiyohiyo.

Ngurumo ya kwanza ikisikika, shukeni, hata kama mmebakiza hatua kumi. Kilele cha mwamba si mahali pa kungojea radi, wala chini ya mbuyu uliosimama peke yake si kivuli cha mvua. Maji yabebwe kutoka nyumbani, lita mbili kwa mtu mzima, maana maji ya maziwa yetu yana chumvi na huongeza kiu. Mtoto mwenye ualbino asiachwe nyumbani. Avae kofia pana, mikono mirefu na suruali, na msafara urudi kabla ya saa 4. Mwenye kisukari avae viatu vilivyofunika vidole, wala visiwe vipya vya kuchubua. Abebe kitu kitamu mfukoni, na jioni mtu wa nyumbani atazame nyayo zake, kwa kuwa kidonda cha kisukari mara nyingi hakiumi mpaka kimekuwa kikubwa. Hapo wajukuu wana kazi nzuri ya kumfanyia babu.

Vijana wetu, wakishazoea mwamba, huanza kutuuliza juu ya mlima Hanang, ambao ukishika njia ya Katesh huwezi kuacha kuutazama. Uko mkoa jirani wa Manyara, nao una kimo cha mita 3,420 hivi. Sisi hapa mjini Singida tuko kwenye mita 1,500 au karibu na hapo. Kwa kawaida joto hupungua nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, hivyo anayeondoka hapa na fulana atafika kileleni akitetemeka. Aidha, kuanzia mita 2,500 baadhi ya watu huumwa kichwa na kichefuchefu kwa uhaba wa hewa, na dawa yake ni kushuka, si kujikaza. Huo si mlima wa watoto wadogo, wala si wa kupandwa bila kiongozi na kibali. Na wakati wa mvua uachwe kabisa. Sote twakumbuka tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe viliposhuka kutoka mlimani hapo hadi Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafa. Marehemu hao hawakuwa wapandaji. Walikuwa nyumbani mwao. Anayejenga chini ya mlima, wa Hanang au wa Sekenke, aulize wazee njia ya maji ilikuwa wapi kabla hajachimba msingi.

Kuna waumini waliotunung'unikia kwamba mambo ya milima ni ya wazungu. Tukawajibu kwa mtakatifu, ingawa ni kweli naye ni Mwitalia! Pier Giorgio Frassati, aliyetangazwa mtakatifu na Papa Leo wa 14 tarehe 7 Septemba 2025, aliwapandisha rafiki zake milimani, akasali nao huko, na siku nyingine za juma alikuwa katika vyumba vya maskini wa mji wa Torino. Alifariki mwaka 1925 akiwa na miaka 24, kwa ugonjwa wa polio. Wakati wake hapakuwa na chanjo. Sisi tunayo, nayo ni matone tu mdomoni na sindano moja au mbili kwa mtoto mchanga. Akina mama tusiikose kliniki.

Mwaka huu tumeahirisha safari mpaka Juni, majani yakishakauka na nyoka akaonekana kwa mbali. Muuguzi wetu atatangulia na fimbo, na dereva mmoja wa bodaboda amekubali kutungojea chini. Yule mama aliyeuliza kuni amejiandikisha pamoja na watoto wake wanne. Ametoa sharti moja tu: maji wayabebe wanaume.