Wanamuvua, Wanamupima, Kisha Wanamurudisha mu Maji

Tuseme leo umeamuka mbele ya jogoo, umeenda ku ziwa, umeshinda na njaa mpaka saa nane ya muchana, na umeshika samaki watano wazuri. Unafika ku inchi kavu. Watu wanapima samaki wako ku kilo, wanaandika hesabu, wanakupigia mikono. Kisha wanachukua wale samaki wote watano na kuwarudisha mu maji, wazima kabisa. Unarudi kwako mikono mitupu, na mama watoto amekwisha kuweka maji ya bukari ku moto. Utamwambia nini?

Kule Australia kuko wanaume, wanawake na vijana wanaofanya hivyo karibu kila mwezi. Na hawalipwe kwanza: wao ndio wanaotoa makuta yao ili waandikwe ku mashindano. Tulipozungumuzia habari hii na vijana wamoja wa hapa kwetu, mumoja wao alikasirika: "Sasa ju ya nini banatesa samaki bure? Kama habamukule, bamuache mu mayi yake!"

Ulizo lake ni la haki, na hatutalikimbia. Lakini ili kulijibu inaomba tujue kwanza ni samaki gani hao.

BREAM NA BASS

Ukivuka Kasumbalesa na kusikia mutu wa Zambia anasema "bream", usidanganyike. Yeye anazungumuzia tilapia, ule ule tunayekula sisi. Bream ya Australia ni samaki mwingine. Anaishi mahali muto unapofika ku bahari, pale maji matamu yanapochanganyika na chumvi. Si mukubwa, wengi hawafike kilo moja. Lakini ana meno yenye nguvu ya kuvunja kaa na maganda ya chaza, na ana macho makali na mashaka mengi. Ndiyo maana wavuvi wanamupenda: kumudanganya ni kazi. Kuko namna mbili wanazozitafuta zaidi, bream mweusi wa kusini na bream wa mapezi ya manjano wa mashariki. Bream mweusi anakomaa polepole na anaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Ukimukaanga leo, umekaanga mutu muzima, kama tunavyosema.

Bass ndiye mwenye habari ndefu. Hatusemi bass wa Marekani. Wanaitana jina moja tu, lakini si ndugu wa karibu. Bass wa Australia anakaa katika mito ya upande wa mashariki, juu kabisa, mu maji matamu, chini ya miti. Wakati wa baridi, ambao kule ni mwezi wa tano mpaka wa nane sawa na kwetu, anashuka muto wote mpaka mahali pa chumvi ili kutaga mayai. Mayai ya bass inaomba chumvi. Bila chumvi hakuna watoto. Kisha wakubwa wanapanda tena, na watoto wanawafuata, kilometa kwa kilometa.

Sasa weka baraji katikati ya muto huo.

UKUTA WENYE KUKATA NJIA

Sisi watu wa maeneo ya migodi hatuhitaji mutu wa kutueleza baraji ni nini. Mwadingusha, ku muto Lufira, ilianza kutoa kurani mwaka wa 1930, na kurani hiyo ilikuwa kwa ajili ya shaba. Nyuma ya ukuta kulitokea ziwa, na watu wakaanza kuvua mule. Kule Australia kuko bonde la muto Hunter, na ni bonde la wachimba makaa, tangu Singleton mpaka Muswellbrook. Hapo nako walijenga mabaraji: Glenbawn ilimalizika miaka ya 1950, na ile ya Glennies Creek miaka ya 1980. Ziwa la Glennies Creek linaitwa St Clair. Maziwa hayo mawili yamekuwa viwanja vyenye kujulikana vya mashindano ya bass.

Lakini fikiri vizuri, musomaji. Bass aliye ndani ya ziwa la Glenbawn hawezi kushuka ku chumvi. Ukuta uko mbele yake. Anaweza kukula vizuri, kunenepa, kuzidi ukubwa wa ndugu zake wa mu muto, lakini hatazaa hata mutoto mumoja. Kama watu hawamuletee ndugu, siku moja ziwa litabaki bila bass hata mumoja.

Basi watu wanamuletea. Kuko nyumba za kuzalisha samaki: wanatayarisha maji ya chumvi ndani ya birika, wanapata mayai, wanalisha watoto mpaka wanafika urefu wa kidole, kisha wanawapeleka ku ziwa na kamyo. Makuta yanatoka wapi? Sehemu kubwa inatoka kwa wavuvi wenyewe. Katika jimbo la New South Wales, tangu mwaka wa 2001 karibu kila mutu mukubwa anayevua anapashwa kulipa permi, ikiwa ni mu bahari ao mu maji matamu, na makuta hayo yanaingia mu mufuko maalumu wa kutunza samaki na uvuvi.

Unaona sasa? Yule bass wa kilo moja na nusu alinunuliwa, akabebwa na kamyo, akangojewa miaka mingi. Ukimurudisha muzima, kesho mutoto wa jirani atamushika tena. Ukimukula, umekula kitu ambacho ziwa haliwezi kukirudisha lenyewe.

SIKU YA MASHINDANO

Asubui sana, giza ingali, mashua zinapangwa ku maji. Katika mengi ya mashindano haya kila mashua inabeba watu wawili. Zinaachiliwa moja moja kwa kufuata namba. Zikifika mahali pa kuvua, motere kubwa inazimwa, na motere ndogo ya bateri inasukuma mashua kimya kimya, maana bream akisikia kelele amekwisha kwenda.

Hakuna funza, hakuna kipande cha nyama. Sheria inakubali chambo ya uwongo tu: ya plastiki, ya mbao ao ya chuma, iliyotengenezwa kwa mufano wa samaki mudogo, wa kamba wa maji, ao wa mududu. Wakati wa joto bass anakula nyenze, wale wadudu wanaolia ku miti jua likiwa kali, wanaoanguka mu maji. Basi muvuvi anatupa nyenze wa plastiki chini ya tawi na anamuacha atulie. Anamutikisa kidogo. Anamuacha tena. Uvumilivu huo ndio unaoshinda vijana wengi.

Ku ziwa la Wallis, karibu na muji wa Forster, watu wanafuga chaza juu ya vitanda vya mbao vilivyosimamishwa mu maji, na bream anajificha chini ya vitanda hivyo. Muvuvi anatupa chambo yenye uzito wa gramu chache mu nafasi kati ya mbao. Samaki akishika, anakimbilia ndani ya mbao na maganda, na kamba, ambayo ni nyembamba karibu kama uzi wa kushonea, inakatika. Inaomba kumutoa mbio mbele hajageuka kichwa. Nafasi ni ya sekunde mbili, tatu.

Samaki akishikwa anaingia ndani ya birika iliyo mu mashua, yenye pompi ya kuleta maji mapya na hewa. Kwa bream hesabu mara nyingi ni watano tu. Ukimupata wa sita aliye mukubwa zaidi, unamuachilia yule mudogo wa wote. Saa ya kurudi imeandikwa. Ukichelewa unakatwa uzito. Ukizidi kuchelewa unapoteza yote, hata kama samaki wako wangekupa ushindi. Na sheria yenye kunifurahisha mimi zaidi: samaki akifika amekufa, unakatwa uzito vilevile. Mutu anaweza kukosa zawadi kwa gramu chache, kwa sababu tu pompi yake haikutunzwa.

NANI ALIANZA?

Namna hii ya kushindana ilitoka Marekani. Ray Scott, mutu wa Alabama aliyekuwa anauzisha asiranse, aliita wavuvi ku ziwa la Beaver, jimbo la Arkansas, mwezi wa sita mwaka wa 1967. Walikuja watu 106, na kila mumoja alilipa dola 100. Mwaka wa 1971 akafanya mashindano makubwa ya kwanza ya mabingwa: aliweka wavuvi 24 ndani ya ndege bila kuwaambia wanakwenda wapi. Walijifunza mule mule angani kwamba ni ziwa la Mead, jimbo la Nevada. Bobby Murray alishinda dola 10.000.

Lakini katika miaka ile ya kwanza samaki walikuwa wanakufa, na watu wa ku maziwa walianza kunungunika. Wageni wanakuja, wanamaliza samaki, wanakwenda. Mwaka wa 1972 Scott alianza kuomba wavuvi wake wasiue samaki wao, na wawe na birika zenye hewa ndani ya mashua. Wa Australia walipoanzisha mashindano yao, kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, walikuta desturi hiyo imekwisha kukomaa.

Pale makuta yanapoingia, wizi nao unatafuta mulango. Mwezi wa tisa mwaka wa 2022, mu muji wa Cleveland, Marekani, wanaume wawili walileta samaki watano wa kupimwa ku mashindano ya samaki anayeitwa walleye. Zawadi ilikaribia dola 29.000. Mukubwa wa mashindano aliangalia samaki, akaangalia kilo, akaona hazipatane. Alichukua kisu na kupasua tumbo mbele ya watu wote. Ndani kulitoka mipira ya risasi, ile madini nzito inayowekwa mu bateri, pamoja na vipande vya nyama ya samaki wengine. Mwaka wa 2023 tribinali iliwapa siku kumi za gereza, ikafunga permi yao ya kuvua miaka mitatu, na mashua yao ikakamatwa. Mashua yenyewe ilikuwa na bei kupita zawadi waliyoitamani.

TURUDI KWA ULIZO LA KIJANA

Je, samaki anateswa? Hatutakudanganya: si kila anayerudishwa anapona. Maji yakiwa ya joto sana, ao akishikwa mukononi muda murefu, ao ndoano ikimushika ndani ya koo, anaweza kufa nyuma, pasipo mutu kuona. Chambo ya uwongo inasaidia kidogo, kwa kuwa mara nyingi samaki hana wakati wa kuimeza na ndoano inashika ku mudomo. Na bei ya zile mashua kubwa, mimi nayo inanishinda. Kuko wanaoshindana ndani ya kayak, mutumbwi mudogo wa plastiki wa mutu mumoja, na wao wanaweza kushika samaki wazuri vilevile. Kama ningekuwa na miaka 18 ningechagua hiyo.

Kwetu samaki ni chakula, na hakuna atakayekulaumu kwa kumuweka mu sufuria. Hata kule, samaki hakatazwe kukulwa. Lakini katika New South Wales bream asiyefika santimeta 25 anarudishwa, na kutoka mwezi wa tano mpaka wa nane bass wa mu mito hawawezi kubebwa, maana ni wakati wao wa kushuka ku chumvi.

Na ukuta? Ku baraji ya Tallowa, ku muto Shoalhaven, yenye urefu wa metre 43 kwenda juu, walifikiri sana. Mwaka wa 2009 walimaliza kuweka mashine ambayo wachimba migodi wanaweza kuielewa bila kufundishwa: ni kaji. Chini ya ukuta samaki wanaingia ndani ya birika kubwa, mulango unafungwa, na birika inapandishwa pamoja na maji yake mpaka juu, sawa vile kaji inavyopandisha watu wa zamu. Juu kule birika inafunguliwa, na mutoto wa bass anaendelea na safari yake.