Mtufaha na Figo za Mwenye Kisukari

Wasomaji wenzangu, kisukari huharibu figo polepole, mwanzoni bila maumivu. Je, miti yaweza kusaidia? Naam! Mwaka wa 1835 wanakemia walipata florizini katika gome la mizizi ya mtufaha. Figo hurudisha sukari kwenye damu. Florizini huziba mlango huo, nayo sukari hutoka na mkojo. Lakini ukiimeza, huvunjwa utumboni. Basi wataalamu wakaiga umbo lake, wakaunda dawa kama kanagliflozini, ambayo mwaka wa 2019 ilithibitishwa kupunguza kasi ya figo kuharibika. Kwa hivyo jamani, msije mkamchemshia nyanya mizizi ovyo, ati ni dawa, mkamwachisha vidonge vya daktari. Usiache mbachao kwa msala upitao!