Je, Wajua? Sufuria Isiyounguza Shira

Ukitoka Kisumu kuelekea mashariki, punde unaingia nchi ya miwa. Kiwanda cha kwanza cha sukari nchini Kenya kilianza Miwani mwaka 1922, kisha miaka ya 1960 vikafuata vya Muhoroni na Chemelil. Kando ya viwanda hivyo wapo wenye mitambo midogo, wanaokamua miwa na kuchemsha maji yake hadi yawe sukari guru. Ukiyaepua mapema, kabla hayajaganda, unapata shira. Lita 4 au 5 za maji ya miwa hutoa lita moja tu.

Kazi ngumu huja wakati wa kuitia chupani. Ili isichachuke, shira huingizwa chupani ikiwa na joto la nyuzi 82 hadi 88 za Selsiasi, joto linaloua hamira na kuvu. Lakini chupa hujazwa moja moja, na shira inayosubiri zamu juu ya makaa huharibika. Kwa kuwa ni nzito, haizunguki upesi. Ile iliyogusa chuma hukaa palepale, hukauka, huungua na kutia uchungu sufuria nzima.

Dawa yake ni sufuria yenye koti la maji, kitu ambacho fundi wa jua kali anaweza kukiunda kwa sufuria mbili. Ndogo, ya chuma kisichoshika kutu, hubeba shira. Kubwa huizunguka chini na ubavuni, na nafasi iliyo kati yao hujazwa maji. Koki ya kutolea shira hupenya kuta zote mbili na kuchomelewa pande zote ili maji yasivuje. Moto au hita ya umeme hupasha maji, nayo maji hupasha shira. Mapokeo humtaja Maria Myahudi, mwanaalkemia wa Aleksandria ya kale nchini Misri, kuwa ndiye aliyebuni mbinu hii.

Siri yake ni kwamba maji yakishaanza kuchemka hayapandi joto tena. Moto wa ziada huishia kuwa mvuke. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko shinikizo la hewa ni dogo kuliko Mombasa, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 badala ya 100. Shira yenye sukari asilimia 66 huchemka nyuzi 4 hivi juu ya maji, yaani karibu 100. Kwa hiyo hata ukichochea kuni namna gani, shira iliyo ndani ya koti la maji haichemki, sembuse kuungua.

Koti hilo halizibwi kamwe. Maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600, na chombo kilichofungwa kikapasuka huweza kuua. Tundu la kupumulia ni lazima, na maji yanayopungua huongezwa. Mabati nayo hayafai kushika shira yenye ukwaju au ndimu, kwani asidi huyeyusha zinki yake. Ukitumia hita ya wati 2,000, lita 20 za maji huchukua dakika 40 na ushei kutoka nyuzi 25 hadi 85.

Chupa za kioo hupashwa joto kwanza zisipasuke. Zikijazwa na kufungwa, hulazwa dakika moja au mbili ili shira ya moto isafishe kifuniko kwa ndani. Ikipoa husinyaa na kukivuta kifuniko kikakaza.

Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, Eldoret 93, bado juu ya 85, katikati ya 82 na 88 tunazozitaka. Kenya nzima chombo hiki kitafanya kazi, isipokuwa kwa mwenye kwenda kujaza chupa kwenye kilele cha Lenana, Mlima Kenya, ambako maji huishia karibu nyuzi 84.