Saa za Ndege na Saa za Msafiri

Watu wengi husema kwamba safari ya ndege kutoka Eldoret hata Nairobi ni ya dakika 50 tu. Neno hilo ni kweli, lakini mtu wa Kiminini akilishika peke yake huenda akaachwa na ndege, na nauli yake ikapotea. Yafaa basi tueleze jinsi saa za safari zinavyohesabiwa.

Toka kiwanja cha ndege cha Eldoret, kilichofunguliwa mwaka 1997, mpaka kiwanja cha Jomo Kenyatta, Nairobi, ni kilometa 270 hivi kwa mstari ulionyoka, yaani karibu maili 170. Ndege iendayo kilometa 500 kwa saa ingeumaliza mwendo huo kwa dakika 32. Mbona basi ratiba hutaja 50? Sababu ni kwamba ratiba huhesabu tangu ndege iondokapo mahali ilipoegeshwa mpaka isimamapo tena. Humo mna muda wa kwenda chini kwa magurudumu, kupanda juu, kupunguza mwendo, na kungoja zamu ya kutua.

Tena, tiketi huhesabu saa tangu usiku wa manane. Panapoandikwa 07.00 ni saa moja asubuhi, wala si saa saba. Saa saba mchana huandikwa 13.00. Kwa saa za mchana, toa 6 katika hesabu ya tiketi, nawe utapata saa yetu.

Sasa tumfikirie msafiri wa Kiminini mwenye tiketi ya saa saba mchana. Yampasa awe kiwanjani saa tano na nusu, ili apimiwe mizigo na kukaguliwa. Kutoka Kiminini kupitia Kitale na mji wa Eldoret mpaka kiwanjani ni zaidi ya kilometa 100. Kwa kuwa atabadili magari njiani, na atenge saa tatu. Basi aondoke nyumbani saa mbili na nusu asubuhi. Ndege itafika Nairobi saa nane kasoro dakika 10. Akihesabu saa moja ya kuchukua mizigo na kuingia mjini, atafika saa tisa kasoro dakika 10.

Safari yake yote imekuwa ya saa 6 na dakika 20, na katika hizo dakika 50 tu ndizo za ndege. Kwa basi, njia ya Kiminini hata Nairobi yapata kilometa 400, na kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa ni saa 8. Kwa hiyo ndege imemwokolea saa 1 na dakika 40.

Kwa mgonjwa asiyeweza kuketi garini kutwa, saa hiyo ina thamani kubwa. Kwa mwingine, huenda nauli ya ziada ikafaa zaidi kulipia karo ya mtoto. Kila mtu na afanye hesabu yake tangu mlangoni kwake, kabla ya kununua tiketi.