Kung'oa Bolti Iliyokatikia Ndani ya Bloki ya Injini

Mtu akaaye pwani, tangu Kilifi hata Malindi na Mambrui, hahitaji kuelezwa kutu ni kitu gani. Jembe lake, bawaba za madirisha yake, mabati ya nyumba yake, vyote huliwa mbele ya macho yake, maana upepo wa kusi huja kutoka baharini umebeba chumvi. Lakini wengi wetu tulio na magari ya zamani hatukumbuki kwamba kutu hiyo hiyo hufanya kazi mahali pasipoonekana, yaani ndani ya matundu ya bolti za injini. Hatuna habari mpaka siku ile tunapotia spana, tukasikia mlio mdogo, na spana ikazunguka bila uzito wowote. Kichwa cha bolti kimo mkononi mwetu, na kiwiliwili chake kimebaki ndani ya bloki.

Jambo hilo lilimpata mjomba wangu mwezi wa Desemba, wakati maembe yake huko upande wa Marafa yalipokuwa yamekwisha kuiva, na mnunuzi alikuwa akiyangoja Malindi. Gari lake ni Land Rover ya namna ile iliyoanza kutengenezwa mwaka 1971, yenye injini ya petroli ya sentimita 2,286 za ujazo. Pampu ya maji ilikuwa ikivuja. Mjomba akanunua nyingine, na kijana mmoja wa jirani akajitolea kuibadili. Bolti za kwanza zilitoka kwa amani. Ya mwisho ilikataa. Kijana akatia bomba refu katika mpini wa spana ili apate nguvu zaidi, na bolti ikakatika karibu sawasawa na uso wa bloki.

Msomaji huenda akauliza kwa nini bolti ya chuma kigumu ikatike kwa mkono wa mtu. Sababu ni kwamba chuma kikigeuka kutu huvimba na kutaka nafasi kubwa zaidi kuliko kilipokuwa kizima. Katika tundu la bolti hakuna nafasi ya kuvimba, kwa hiyo kutu hushindilia kati ya meno ya bolti na meno ya bloki mpaka vitu viwili vikawa kama kimoja. Bolti za pampu ya maji zina taabu zaidi, kwa sababu maji ya injini yakivuja huzifikia. Na maji yenyewe ni yapi? Wengi hujaza rejeta kwa maji ya kisima, na visima vingi vilivyo karibu na bahari vina maji ya chumvi. Mjomba alifanya hivyo miaka mingi, nami namsema kwa heshima zote.

Yule kijana alitaka kutoboa papo hapo kwa drili. Mjomba naye alikuwa akihesabu siku za maembe, akakaribia kumruhusu. Mimi ni karani, mkono wangu umezoea kalamu, lakini nilikuwa nikimfahamu fundi mmoja mzee mjini ambaye katika ujana wake alitengeneza malori yaliyokuwa yakingoja kivuko pale Kilifi, kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991. Nikamwomba mjomba tumwite kwanza. Alikuja jioni, akaamkiwa, akaangalia kile kisiki kwa tochi, kisha akasema, "Mzee, usiku huu hatutaking'oa. Tutakilaza."

Alikisugua kwa brashi ya waya, akadondosha mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kidogo, halafu akakigonga kwa nyundo ndogo, mara nyingi na kwa upole, kama mtu abishaye hodi. Mtetemo huo huifungua kutu, na mafuta hupata njia ya kupenya. Akatia mafuta tena, akaenda zake. Mjomba hakulala vizuri.

Asubuhi fundi alianza na mambo ambayo kijana hakuyafikiri hata kidogo. Aliondoa betri, maana mtu achomeleaye kwa umeme bila kufungua nyaya zake aweza kuunguza jenereta ya gari. Aliondoa rejeta ili apate nafasi. Alipangusa mafuta ya taa yote kwa kitambaa, akahakikisha hakuna petroli ivujayo, akaweka ndoo ya mchanga karibu. Ndipo alipowasha gesi, akapasha moto bloki kuzunguka kisiki, wala si kisiki chenyewe. Chuma kikipata joto hutanuka. Tundu likitanuka na bolti ikiwa bado ina ubaridi, mshiko wa kutu hulegea. Moto aliuzungusha polepole, kwa sababu bloki ni ya chuma cha kumimina, nacho kikipashwa ghafula mahali pamoja chaweza kupasuka. Kisha akagusisha mshumaa pembezoni mwa kisiki, na nta ikayeyuka ikazama ndani.

Baada ya hayo aliweka nati juu ya kisiki, akachomelea kupitia tundu la nati hiyo mpaka vikashikana. Nati ya kwanza iling'oka peke yake. Mjomba aliguna, fundi hakusema neno, akasafisha, akaweka ya pili. Alingoja kidogo ipoe, akatia spana, na badala ya kuivuta kwa nguvu akaanza kuirudisha mbele na nyuma, robo ya mzunguko kulegeza, na nusu ya robo kukaza. Sote tulinyamaza. Tukasikia mlio kama wa mlango wa zamani, na kisiki kikaanza kutoka, jino baada ya jino, chekundu kwa kutu.

Nilimwuliza angefanyaje kama kingekataa. Alisema kwamba hapo ndipo angetoboa, lakini drili ni dawa ya baadaye na si ya kwanza. Mtu hutia alama katikati kabisa ya kisiki, hutoboa kwa biti nyembamba na kwa mwendo wa polepole, kisha hupanua. Iko biti inayokata kwa kuzunguka upande wa kushoto, nayo ni nzuri mno, kwa kuwa mara nyingine huing'oa bolti yenyewe katika kutoboa. Lakini tundu likienda upande hata kidogo, biti hula meno ya bloki, na kazi huwa kubwa kuliko mwanzo.

Chombo alichokiogopa ni kile cha kung'olea kisiki, chenye umbo la skrubu iliyochongoka na meno ya kinyume, ambacho hutiwa katika tundu lililotobolewa. Kila kinavyokazwa hukitanua kisiki na kukibana zaidi katika bloki. Tena chuma chake ni kigumu lakini ni chepesi kuvunjika. Kikivunjikia ndani, biti ya kawaida haikiwezi. Hutafutwa mashine ya kuunguza chuma kwa cheche za umeme, au bloki hutupwa. Pasipowezekana kingine, kisiki hutobolewa chote na meno hukatwa upya. Kwa bolti ya milimita 8, yenye meno ya milimita moja na robo, tundu huwa la milimita 6.8. Ikiwa meno ya zamani yamekwisha kuliwa, tundu hupanuliwa zaidi na kutiwa waya uliosokotwa mithili ya springi, ambao huwa ndio meno mapya.

Kwetu hayo hayakuhitajiwa. Fundi alipitisha tapu kusafisha meno, akapuliza vumbi, akapaka grisi bolti mpya, akazikaza kwa zamu kwa spana fupi, bila bomba. Rejeta ilijazwa maji ya mvua kutoka tangi la shule yalipo makazi yangu, pamoja na dawa ya kuzuia kutu.

Siku tatu zilikuwa zimepita, na maembe mengine yalikwisha kuanguka yakaoza chini ya miti. Yaliyobaki yalijaza gari mara mbili, na mnunuzi aliyapokea yote. Kile kisiki mjomba amekifunga kwa uzi, kinaning'inia kwenye mpini wa bomba lile, ambalo kijana wa jirani haruhusiwi tena kuligusa.