Kabla hujafyeka shamba la urithi, hesabu nazi kwanza

Jumapili iliyopita, mvua ya baridi ikigonga madirisha hapa Washwood Heath, simu ililia. Mtoto wa kaka yangu, yuko Maskati.

"Shikamoo shangazi. Lile shamba la babu karibu na Pete, tumekubaliana tufyeke pori lote la nyuma. Kima punju wanatumalizia nazi."

"Marahaba mwanangu. Mmekubaliana na nani? Mimi sina fungu?"

Akacheka. Shamba ni la urithi, wenyewe tumetawanyika: Unguja, Oman, Birmingham. Nikamwomba anipe siku mbili. Nimefundisha watoto miaka mingi, na mtu akiniletea shutuma humtaka hesabu kwanza.

Hesabu ipo, tena ya zamani. Katika miaka ya 1990 mtafiti Kirstin Siex alikaa kwenye mashamba ya jirani na Jozani kuwachunguza kima punju, pamoja na Thomas Struhsaker, Mmarekani aliyekwisha kuwasoma nyani na kima wa msitu wa Kibale, Uganda, kwa karibu miaka ishirini. Wakulima walilalamika vile vile kama mwanetu. Basi wakaanza kuhesabu: kima wamekula ngapi, mkwezi ameangusha ngapi.

Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1999. Kima hali nazi iliyokomaa. Anachokula zaidi ni vidaka, vile vichanga kabisa. Na sote tuliokulia chini ya minazi tunajua vidaka vingi huanguka vyenyewe, hata asipopita mnyama. Ajabu ni kwamba pale kima walipokula zaidi, mavuno hayakuwa pungufu, yalikuwa makubwa zaidi. Watafiti wakadhani labda ni kama kupogoa: vinavyobaki hupata nafasi ya kukua. Haina maana mkulima hapati hasara yoyote kwenye mazao mengine. Lakini kesi ya nazi, wallahi, kima ameshinda.

Watu wamemwonea mnyama huyu tangu jina lake. Punju ni sumu. Kumbe sumu anaikimbia yeye! Hupenda majani ya mkungu na mwembe, yenye vitu vinavyosumbua tumbo, na Struhsaker na wenzake waliandika mwaka 1997 jinsi anavyookota makaa na kuyatafuna. Makaa huinyonya ile sumu. Dawa ya tumbo anayo, na hakusoma.

Nawakumbusha mlioko Ghuba na mliozaa huko: kima huyu ni wa Unguja na visiwa vyake vya karibu tu, pamoja na wachache waliopelekwa Ngezi, Pemba, miaka ya 1970. Kwengine duniani hayupo porini. Mwaka 2019 watafiti wakiongozwa na Tim Davenport walitangaza kwamba wako zaidi ya 5,800, mara tatu ya walivyodhaniwa. Habari njema. Lakini watoto wengi hawafiki ukubwani, na sehemu nne walikojulikana zamani hawapo tena. Karibu saba katika kila kumi wamo ndani ya hifadhi, kama ile ya Jozani na Ghuba ya Chwaka iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Waliobaki wako wapi? Kwenye mapori ya watu. Kama letu.

Na barabara je? Ile ya Jozani ilipotiwa lami, kima aligongwa kila baada ya wiki mbili au tatu. Yakawekwa matuta manne tu, ikawa mmoja kwa wiki sita hivi. Dawa rahisi, bado haijatosha.

Tuseme ukweli, sisi wa nje tuna mkono wetu. Pesa zetu zinajenga nyumba nzuri, chokaa yake inachomwa kwa kuni, na kuni zinatoka porini. Hapo hatumlaumu kima.

Nyinyi mlioko Oman mna funzo karibu yenu. Choroa wa Uarabuni walimalizika porini mwaka 1972, wakarudishwa Jiddat al-Harasis mwaka 1982 kwa juhudi kubwa. Halafu ujangili ukawarudia, eneo la hifadhi likapunguzwa kwa asilimia 90, na mwaka 2007 likawa la kwanza kufutwa katika orodha ya urithi wa dunia. Kurejesha ni kazi ya miaka, kupoteza hakuchukui muda.

Siku mbili zilipokwisha nilimpigia mwanangu. Akanyamaza, kisha akasema, "Sasa shangazi, watu wa Pete nitawaambia nini?"

Nikamwambia: mwambie mkwezi ahesabu. Mnazi kwa mnazi, ya nyuma karibu na pori na ya mbele karibu na barabara, mavuno mawili mfululizo, aandike kwenye daftari. Ujira wa daftari nitatoa mimi. Ikiwa minazi ya nyuma imetoa kidogo, tukae tuzungumze. Ikiwa imetoa zaidi, panga lirudi stoo.

Amekubali. Mkwezi anaanza mwezi ujao.